Nilivyojifunza kufungua geti

Mwaka na nusu wa kwanza nilipokuwa mlinzi, kanisani hakuna aliyejua. Mtu akiniuliza siku hizi nafanya nini, nilikuwa najibu, "Niko kwenye mambo ya usalama." Sikusema uongo. Ila Dar es Salaam ukilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kila mtu anaelewa anavyotaka, na nilianza kuona wazee wa jumuiya wakibadilisha mazungumzo nikikaribia. Mmoja wao alikuwa ananipisha kiti cha mbele. Nilikikalia.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nashinda usiku kwenye kibanda cha bati, na kirungu, tochi na daftari la wageni, kwenye geti la jengo la wapangaji huku Mikocheni. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa na meza ya mitumba Kariakoo. Mtaji ulikatika, nikabaki na madeni na gunia la viatu visivyo na wenzake. Geti lenyewe ni la kusukuma, zito, linakwenda juu ya reli, na reli inajaa mchanga. Usiku mmoja nilihesabu nimelifungua mara 41. Mara 41 mtu mzima anaweka bega kwenye chuma ili mwingine apite bila hata kushusha kioo.

Usiku tupo wawili. Mwenzangu ni mzee wa Lushoto, Mwislamu, ananiita Mwalimu kwa sababu ananiona nasoma soma. Mmoja anakaa getini, mwingine nyuma kwenye jenereta, kisha tunabadilishana.

Mei Mosi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, padri alihubiri kwamba kazi yoyote halali inaweza kuwa sala. Mimi nikaelewa kivyangu: kazi hii haina maana yoyote, basi niijaze sala. Nikajipangia rozari tatu kila usiku. Kazi ikawa ganda, sala ndiyo ndizi. Honi ikilia katikati ya fungu, nakunja uso kama mtu aliyeingiliwa kanisani.

Masika yaliyofuata, Ijumaa usiku, mvua inamwaga, nipo tendo la nne la uchungu, Yesu anachukua msalaba. Nikasikia honi ya bodaboda. Zilikuwa zimebaki Salamu Maria sita. Nikajiambia acha nimalize. Nikazimaliza zote, na Atukuzwe Baba juu. Nilipofungua, mama wa ghorofa ya pili alikuwa ameshashuka kwenye pikipiki, mtoto mgongoni, kanga imelowa chapachapa, na mfuko wa karatasi wenye dawa umeanza kuchanika mkononi. Walikuwa wanatoka hospitali. Hakunigombeza. Alisema tu, "Pole baba, usingizi huo."

Laiti ningekuwa nimelala. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nasali?

Jambo hilo nililibeba hadi Julai, mwenyekiti wa jumuiya alipoamua kwamba sikukuu ya somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa jumuiya, Petro Claver, 9 Septemba, mimi ndiye nitakayesema maneno machache juu ya maisha yake. Nadhani ule "usalama" ulichangia kunichagua. Nikaanza kusoma kwenye simu, usiku, kibandani.

Claver si mgumu kumweleza. Ni padri wa Hispania, wa shirika la Wajesuiti, alifika Cartagena, Kolombia ya leo, mwaka 1610, akawahudumia Waafrika walioshushwa melini ili wauzwe, akajiita mtumwa wao, hadi alipofariki mwaka 1654. Mimi nikataka kujua nani alimtia moyo wa kwenda huko, na hapo ndipo nilipojikuta mlangoni. Alipokuwa mwanafunzi Palma, kwenye kisiwa cha Mallorca, aliyemsukuma avuke bahari hakuwa profesa wala askofu. Alikuwa bawabu wa chuo, bruda mzee, yaani mtawa asiye padri, aitwaye Alfonso Rodriguez.

Nikamwacha Claver kwanza, nikamfuata bawabu. Alfonso alikuwa mfanyabiashara wa sufu huko Segovia. Biashara ikayumba, mke akafa, watoto wakafa. Akarudi darasani na umri wake kujifunza Kilatini pamoja na watoto, na hakufika mbali. Alipowaendea Wajesuiti, wakamwona umri umekwenda, afya haba, shule hamna. Hatimaye mwaka 1571 wakampokea kama bruda, akiwa na miaka karibu 40, wakampeleka Palma, na huko akakabidhiwa mlango: kufungua, kupokea wageni, kupeleka ujumbe, kuwagawia maskini chochote kilichopo. Akakaa nao miaka na miaka. Inasimuliwa kwamba kila ulipogongwa alijibu, "Naja, Bwana," kana kwamba aliyesimama nje ni Mungu mwenyewe.

Hebu lisome hilo saa nane usiku, ukiwa wewe ndiye uliyemwacha mama na mtoto mvuani. Niliiweka simu chini. Yule bruda alikuwa ameshasali kabla hajamwona mgeni, pale pale alipoinuka kwenye kiti.

Nilianza kesho yake, na wiki ya kwanza ilikuwa kama maigizo. Honi inalia, nasema kimoyomoyo "Naja, Bwana," nasukuma, natoa salamu. Wapo wanaoitikia. Yupo mpangaji mmoja ambaye honi anaianzia kule kwenye kona na haachii mpaka geti liwe wazi. Kwake maneno yale yalinitoka katikati ya meno. Usiku mwingine nilisema "Naja" peke yake, Bwana nikamruka. Hadi leo mpangaji huyo hajabadilika, wala sitadai kwamba nampenda. Namfungulia upesi kama wengine, basi.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa reli. Ukishajiambia ni nani anayekuja, unaona haya kumchelewesha kwa ajili ya mchanga. Nikachukua ufagio wa chelewa na kipande cha nondo, nikaichokonoa kuanzia nguzo hadi nguzo. Vikatoka vizibo vya soda, kokwa za mwarobaini, na sarafu ya shilingi mia iliyogeuka nyeusi. Fundi wa gereji ya jirani akanigawia girisi kidogo kwenye kifuniko cha kopo, nikapaka magurudumu. Geti lililokuwa likilia kama punda likawa linakwenda kwa mkono mmoja. Mzee wa Lushoto akalisukuma, akalirudisha, akalisukuma tena. "Mwalimu," akasema, "kumbe miaka yote tunachoshwa na vizibo."

Huyu mzee nilipaswa kumtazama mapema. Alfajiri anakuwa na kopo la maji mkononi, anataka kutia udhu. Gari likitokea, analiweka kopo chini, anafungua, anafunga, ndipo anarudi kwenye maji yake. Alikuwa akifanya hivyo kila siku mbele yangu, na mimi nimefumba macho, nasali.

Rozari sijaiacha. Sasa ni moja kwa usiku, na ikikatizwa haina neno. Naibana kwa kidole gumba punje niliyofikia, nafungua, narudi pale pale.

La mama wa ghorofa ya pili nililipeleka kwenye kitubio. Padri akaniuliza kama nimeshamwomba radhi mwenyewe. Sikuwa nimemwomba. Nikamvizia Jumamosi akitoka sokoni, nikampokea kikapu, nikamweleza yote hadi ngazi ya juu. Akasimama, akafikiri. "Usiku gani huo, baba? Mbona walinzi wote mnalala." Msamaha wangu niliupata hivyo, kwa jumla pamoja na wenzangu.

Hapa kuna jambo sitaki lipite, maana habari hizi huwa zinatumika vibaya. Mishahara yetu ilikuwa inachelewa, mara wiki mbili, mara tatu. Msimamizi mmoja alipopata habari kwamba nimekuwa mtu wa sala, akaniita pembeni niwatulize wenzangu, tuvumilie kwa ajili ya Bwana. Sasa mimi nilikuwa nimeshasoma. Papa aliyemtangaza Alfonso kuwa mtakatifu mwaka 1888, siku moja na Claver, ni Leo XIII. Miaka 3 baadaye, 1891, Papa huyohuyo aliandika Rerum Novarum, waraka juu ya haki za wafanyakazi, na humo anasema kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni kosa kubwa linaloililia mbingu. Ningeweza kumsomea, ila alikuwa na haraka. Barua ya madai tuliiandika kibandani, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la wageni, na sahihi ya kwanza ni yangu. Mshahara wa mwezi ule ulitoka tarehe 2. Uliofuata ukachelewa tena, tukaandika nyingine.

Sikukuu ya somo tuliifanya uani kwa mwenyekiti, pilau likiwa bado jikoni. Claver nilimmaliza mapema. Nikaingia kwa bawabu, nikamwongeza na Mtakatifu Bakhita, binti wa Darfur aliyewahi kuuzwa utumwani. Kina mama walikuwa hawajui kwamba alipokuwa mtawa kule Schio, Italia, naye alishika kazi ya mlango. Kisha nikasema na mimi ni mlinzi wa geti, Mikocheni, zamu ya usiku, na usalama wenyewe ndio huo.

Watu wawili watatu walicheka, kwa heshima. Mama mmoja akauliza kama tunapewa makoti ya mvua. Yule mzee wa kiti cha mbele alinifuata wakati wa kunawa, uso wa mtu aliyepata hasara. Kumbe muda wote alikuwa anangoja saa nzuri ya kuniomba nimshike mkono kijana wake apate ajira huko kwetu.

"Sasa mwanangu," akasema, anakung'uta maji mikononi, "na huko getini hawahitaji mtu?"

Nikamwambia nitauliza, na niliuliza. Kijana ana mwezi wa tatu sasa, yuko lindo la nyuma, kwenye jenereta. Nimeshamwonyesha reli inavyosafishwa. Yale maneno ya Palma bado sijamwambia.