Siku moja maishani mwangu: kuvu, magadi na maji ya bluu

Saa 12:30 asubuhi. Boda inanishusha Nyalenda mtaani Kisumu, kwa mama mmoja anayetengeneza batiki. Ameniwekea mtungi wa maji ya jana, bluu iliyokoza. "Mwanangu, hayo si ya kumwaga tu?" Nacheka. Mitaro ya Kisumu huishia ziwani, nami natafiti kama kuvu anaweza kuyaondolea maji haya rangi.

Saa 2. Niko maabara. Napima pH kwanza, yaani kipimo cha uasidi (chini ya 7 ni asidi, juu yake ni magadi): imepita 10, maana magadi ndiyo yanayoshikisha rangi kwenye pamba. Kuvu wangu, Pleurotus ostreatus, aina ya uyoga unaolika, hupenda kati ya 4.5 na 5, basi nadondosha asidi pole pole. Naongeza glukosi pia. Rangi si chakula chake. Chakula ni sukari. Kisha flaski zote kwenye mvuke wa nyuzi 121, dakika 15, bakteria wasimtangulie. Kwa flaski sawa. Kwa maji ya kiwanda kizima, nani atalipia kuni?

Saa 4. Hapa ndipo utamu ulipo. Porini, kuvu huyu hula miti iliyokufa. Hutoa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) kiitwacho lakasi, chenye shaba ndani yake, kinachotumia oksijeni kuvunja lignini, ile inayoupa mti ugumu. Lignini haina mpangilio mmoja, kwa hiyo lakasi haichagui sana: hata rangi za nguo huzivamia.

Natoa flaski za wiki iliyopita. Moja ina kuvu hai, nyingine kuvu niliyemuua kwa mvuke. Maji yamefifia kwenye zote mbili! Lakini utando wa yule mfu umekuwa bluu: ameivaa rangi, hajaivunja. Wa aliye hai umebaki karibu mweupe. Spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaonyonywa na rangi, inakubaliana nami: kwa mfu kilele cha rangi kwenye grafu kimepungua tu, kwa hai kimetoweka.

Saa 7. Ugali na omena.

Saa 8. Mwanafunzi wa mazoezi anauliza kama sasa mtu anaweza kumwagilia mboga. Swali zuri. Rangi nyingi za nguo ni za azo, kundi la kemikali zenye atomu mbili za nitrojeni zilizoshikana, na zikivunjwa pasipo oksijeni huacha kemikali ziitwazo amini, zisizo na rangi, baadhi zikiwa za kuleta saratani. Njia ya kuvu ni tofauti, ila vipande hubaki, na jicho halivioni. Ndiyo maana tulitandaza mbegu za sukuma wiki kwenye karatasi zilizoloweshwa kwa maji tofauti: ya kuvu, ya bluu na ya bomba.

Saa 10. Tunapima mizizi kwa rula. Mbegu za maji yaliyopitia kwa kuvu zimeota vizuri kuliko za maji ya bluu, lakini mizizi ni mifupi kuliko ya maji ya bomba. Kesho maji ya kuvu tutayapitisha kwenye makaa kwanza, tupande tena.