Saa Tisa na Hamsini

Kete tatu zilimponyoka Baba mkononi, zikagonga ukingo wa bao na kuviringika mpaka mchangani. Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

"Gadi leo anapanda mikomwe!" alisema fundi cherehani, aliyekuwa akicheza naye. "Mwagilia maji kabisa, mzee."

Ilikuwa Jumapili, Julai 2017, Magomeni, Dar es Salaam, chini ya mwarobaini ulio mkabala na nyumba yetu. Nilikuwa nimekuja kumsalimia kama ilivyo ada, nikakaa pembeni ya benchi na kikombe changu cha kahawa. Na mimi nilicheka. Nalisema mapema nisije nikajipamba huko mbele.

Baba alikuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu, ndiyo maana kijiweni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mkono wake wa kulia ulikuwa maarufu. Alizichota kete zote shimoni kwa mkupuo, akazichezesha kiganjani, kisha akazidondosha moja moja, tak, tak, tak, macho yakiwa usoni kwa mpinzani. Hakuwa na haja ya kutazama mashimo. Siku ile alikuwa anatazama. Alikuwa anautazama mkono wake vile mtu anavyomtazama mtoto aliyetumwa akagoma.

Akainama kuokota. Vidole vikazigusa zile kete, vikaziacha palepale. Akajaribu tena.

"Okota basi, au umenipa mchezo?" fundi akauliza.

Baba akajibu kitu ambacho sikukipata. Nikadhani ana kahawa mdomoni. Hapo hapo spika ya msikiti ikakwaruza, muadhini akaanza adhana ya alasiri, na watu wakaanza kujinyanyua, kila mmoja akitafuta kandambili zake.

Aliyebaki kamkodolea macho Baba ni muuza kahawa. Alikuwa anakusanya vikombe kwenye kindoo chake cha maji, akakiweka chini taratibu, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee wangu, hebu nicheke."

Baba akamtazama tu.

"Cheka, mzee. Cheka kama jana ulivyomfunga fundi."

Akacheka. Yaani nusu ya uso ilicheka. Upande wa kushoto meno yalionekana, shavu likapanda. Upande wa kulia ncha ya mdomo ilibaki ilipokuwa, na tone la kahawa likachirizika mpaka kidevuni naye asilihisi. Kicheko cha kijiweni kikakatika.

"Piga takbira," muuza kahawa akamwambia.

Hilo nimelifikiria sana baadaye. Angeweza kumwambia ainue mikono, na pengine mzee angeanza kuhoji kwa nini. Lakini takbira mtu haifikirii; Baba alikuwa ameipiga kila siku tangu akiwa mtoto. Mkono wa kushoto ukapanda mpaka sikioni. Wa kulia ukafika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukashuka wenyewe mpaka mapajani. Baba akaufuata kwa macho ulivyokuwa ukishuka.

"Mimi nani? Nitaje jina."

"Ka... kaha... kahaka," Baba alisema, na macho yake yakanijia mimi. Sijawahi kumwona Baba akiwa na hofu kabla ya dakika ile.

Muuza kahawa akatoa simu mfukoni, akaitazama. "Ni kiharusi. Saa tisa na dakika hamsini. Kijana, hiyo saa ishike. Usiiache ikupotee. Wewe fundi, simamisha bajaji."

Sikumuuliza amejuaje. Alinieleza mwenyewe wiki mbili baadaye. Kaka yake alikutwa asubuhi kitandani, upande mmoja umelala, na hospitali kila aliyewapokea aliwauliza jambo lile lile: ilianza saa ngapi? Hakuna aliyejua. Alilala mzima, akaamka hivyo. "Tulikuwa kama watu tuliobeba barua haina anwani," aliniambia. Tangu hapo akajifunza zile alama tatu, uso, mkono, maneno, akazibeba pamoja na birika lake mtaani kote.

Bajaji ilikuwa bado haijageuza Shangazi alipotoka ndani mbio, khanga moja begani, mkononi bakuli la kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Mtoto fulani alishamfikishia habari.

"Kaka yangu kapitiwa na upepo! Mwacheni anywe kwanza, ndio mumpeleke mnakompeleka."

Sina dharau na kombe. Nimelinywa utoto wangu wote, na Shangazi alikuwa akifanya alichokijua kwa mapenzi aliyokuwa nayo. Lakini funda la kwanza tu lilikataa kushuka. Baba akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka, kombe likamwagikia kanzu. Kiharusi hicho hicho kilichoushusha mkono kilikuwa kimeshafika kooni, na kinachoshindwa kupita njia ya chakula huenda mapafuni.

"Shangazi, msomee," muuza kahawa alisema kwa upole, akilisogeza bakuli kando. "Kumsomea hakuna ubaya. Panda naye umsomee njia nzima. Kunywa ndiyo hapana."

Huyu akizuiwa, yule akaja: kijana wa duka la dawa la jirani, na aspirini mbili kiganjani. Alikuwa amesikia mahali kwamba inafanya damu kuwa nyepesi. Muuza kahawa akamrudisha kwa neno moja, "Mpaka apigwe picha ya kichwa." Jioni ile nilikuja kujua neno hilo lilikuwa na thamani gani.

Tukamlaza Baba kiubavu, kichwa kwenye mapaja ya Shangazi. Mimi nikakaa mbele, nusu makalio nje, pembeni ya dereva.

Tulipitia zahanati kwanza kuchukua barua ya rufaa. Leo nisingepita, ningekwenda moja kwa moja penye mashine ya kupiga picha ya kichwa, barua ingenikuta huko. Ila siwezi kusema tulipoteza muda bure. Tabibu alimpima sukari kwanza, akanieleza kwamba ikishuka sana humfanya mtu aonekane kama amepata kiharusi. Ilikuwa sawa. Kisha presha: 226 kwa 128. Akaipima mara ya pili kwa mkono mwingine, akakunja uso.

"Anatumia dawa gani?"

Nikapekua mfuko wa kanzu, nikatoa miwani, ufunguo, noti ya elfu mbili na karatasi ya vidonge vya presha. Tabibu akaigeuza. Vidonge kumi na viwili vilikuwa bado vimelala kwenye vijumba vyake, na bahasha ya duka ilikuwa na tarehe ya mwezi wa tano.

Nikaelewa palepale. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Mei. Vidonge vyake vilikuwa vya kumeza asubuhi baada ya chai. Chai ilipoondoka, vidonge navyo vikaondoka. Idi ikapita, chai ikarudi, na yeye akajiona mzima. Mwezi na ushee. Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuhamishia dozi daku au futari, na mimi niliyekula naye futari zile zote sikuwahi kuuliza.

Tabibu aliandika haraka, nikaona kalamu yake ikiandika "saa 9:50", nikaridhika. Saa nilikuwa nimeishika.

Hospitali tuliyokwenda siitaji. Tulifika saa kumi na moja na robo jioni. Wakampokea kwa kitanda cha magurudumu, daktari kijana akaisoma barua akiwa anatembea, akatazama saa ya ukutani, akapunguza mwendo. Kitanda kikasogezwa ukutani, karibu na mtoto aliyevunjika mkono. Tukaambiwa tusubiri zamu ya picha.

Tukasubiri. Shangazi alikuwa kwenye Yasini ya pili. Baba alikuwa anajaribu kuniambia kitu, mdomo unahangaika, na kila akishindwa anafumba macho kwanza halafu anaanza upya. Dakika ishirini zikapita. Nikamfuata daktari.

"Dokta, si mnasema haya mambo ni ya haraka?"

"Ni ya haraka kaka, lakini mmechelewa kumleta." Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. "Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina mwisho wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mgonjwa wenu ameanza saa tatu na dakika hamsini asubuhi. Sasa hivi ni jioni."

"Asubuhi gani?"

Akanionyesha barua. 9:50.

"Alasiri, dokta! Saa tisa na dakika hamsini alasiri. Muadhini alikuwa anaadhini!"

Huyu ni Mswahili mwenzangu. Akiulizwa saa mtaani, angenijibu kama ninavyojibu mimi. Lakini siku nzima alikuwa akisoma mafaili yanayohesabu saa kuanzia usiku wa manane, na jicho lake lilipokutana na tarakimu zile likazisoma kwa desturi ya mafaili. Tabibu wa zahanati naye alikuwa ameziandika kwa desturi ya mdomoni. Saa sita zilikuwa zimepotea katikati ya kalamu moja na jicho moja. Na aliyelala pale kitandani ni mtu ambaye maisha yake yote ya kazi aliandika saa kumi na tano na hamsini. Ambaye nyumbani alitukera kwa kutuambia futari ya leo ni kumi na nane na ishirini. Laiti angeweza kusema, angemsahihisha daktari kabla yangu.

Daktari alikata ile namba, akaandika 15:50 kwa herufi kubwa, akapiga kelele kumwita mtu wa kitanda. Baba akasukumwa akipita mbele ya kila mtu aliyekuwa kwenye foleni.

Picha ilitoka, tukaitwa kwenye chumba kidogo. Ndani ya kichwa cha Baba, upande wa kushoto, kulikuwa na doa jeupe kama punje ya harage.

"Hii ni damu," alisema daktari mkubwa aliyekuwa ameitwa. "Mshipa umepasuka. Kwa hiyo ile dawa ya kuyeyusha haimfai, ingemmaliza."

Sikujua nifanye nini na maneno yale. Nilikuwa nimepigania saa kama mtu anayepigania urithi, kumbe dawa yenyewe haikuwa yake. Na zile aspirini mbili? Nikawaza kiganja cha yule kijana wa duka, nikahisi baridi tumboni. Kwa macho, daktari alisema, mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka havitofautishwi. Uso unashuka vilevile, mkono unaanguka vilevile. Inayotofautisha ni mashine.

"Kwa hiyo haraka yetu ilikuwa bure?" nikauliza.

Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Kijana, damu hii bado ingeendelea kuvuja. Presha ile ingeisukuma usiku kucha. Sasa tunaishusha." Alikwisha kumtundikia dripu. Presha ilishuka pole pole chini ya macho ya nesi aliyekuwa akiipima kila baada ya robo saa. Usiku wa manane ilikuwa 150 na ushee.

Alikaa wodini siku kumi na saba. Mengine ni yale ya kila mgonjwa: uji kwa kijiko baada ya koo kupimwa, kugeuzwa ubavu asipate vidonda, foleni ya malipo. Kilichonikaa moyoni ni yule dada wa mazoezi ya viungo alipomletea vizibo vya soda aviokote kimoja kimoja, na Baba akavikunjia uso kama aliyetukanwa. Kesho yake nikamletea kete, komwe zake mwenyewe kutoka nyumbani. Akazitazama kwa muda. Akapeleka mkono. Siku ya kwanza hakuinua hata moja. Siku ya nne aliinua moja, ikadondoka kwenye shuka, akatukana. Tusi lenyewe lilitoka zima, herufi zote mahali pake, na Shangazi akalia kwa furaha.

Vidonge sasa humeza saa moja jioni, baada ya Magharibi, mfungo na usiokuwa mfungo. Karatasi imebandikwa ukutani na muda umeandikwa 19:00, kwa mwandiko wake wa mkono wa kushoto, umekwenda upande kama treni inayopanda mlima.

Kijiweni alirudi Desemba, na fimbo. Fundi alisimama kumpisha benchi, wakasalimiana kwa kirefu, muuza kahawa akamimina vikombe na kukataa pesa. Baba aliketi upande ule ule. Akachota kete kwa mkono wa kulia, chache, akaanza kuzigawa. Tak. Kimya. Tak. Nyingine ikakwama kati ya vidole, akaisukuma kwa dole gumba. Watu wote walikuwa wanamtazama wakijifanya hawamtazami.

"Usijali, Gadi," fundi alisema. "Taratibu tu. Na ule wa Julai mimi siuhesabu sana, ingawa nilishinda."

Baba akasimamisha mkono. Maneno bado yalikuwa yanamjia moja moja, kwa kuyatafuta.

"Hu-ku-shinda," alisema. "Zili-mwagika."

"Kete zikimwagika ni za nani?"

"Mchezo... uli-vunjika. Kwa adhana." Akageuza shingo kumtafuta muuza kahawa. "Shahidi yule pale. Mu-ulize saa."