Nilivyohamishia maktaba kwenye foleni ya kliniki

Binti aliyepata mimba akiwa kidato cha pili haji maktaba. Mimi ni mkutubi mkoani Tanga na nimelishuhudia hili kwa miaka. Si kwamba hapendi kusoma. Akija mchana atawakuta wenzake wa darasa wamevaa sare wakijiandaa na mitihani. Mgongoni ana mtoto, na mtoto akilia meza nzima inageuka kumtazama. Mlangoni ataombwa fomu iliyojazwa, picha za pasipoti, mdhamini na ada. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kumrudisha nyumbani.

Ndiyo maana nilipotaka kuwafikia mabinti hawa na watoto wao, sikuanza na mabango wala na tangazo la kuwakaribisha. Nilianza kwa kujiuliza ni wapi wanakokwenda na mtoto, kwa lazima, bila mtu kuwauliza wamefuata nini. Jibu lilikuwa kliniki. Ratiba ya chanjo kila mama anaijua kwa kichwa: wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, kisha surua miezi tisa na tena mwaka na nusu, na katikati kuna kupima uzito kila mwezi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Kwenye benchi la kliniki huhitaji takwimu. Unawaona, wamekaa mwishoni, kadi mkononi, macho chini.

Kitabu kugawiwa kliniki si wazo langu. Boston, Marekani, walianza mwaka 1989, daktari wa watoto akampa mzazi kitabu pamoja na ushauri. Birmingham, Uingereza, walianza mwaka 1992 kwa kushirikiana na wauguzi wanaofuatilia watoto. Nilizitaja habari hizi kwa mkuu wangu wa kazi kwa sababu alitaka kujua kama kuna mahali pengine jambo hili limefanyika. Lakini kilichofungua mlango hasa kilikuwa cha hapa hapa nchini: Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile tunayoiita MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021. Mle ndani ujifunzaji wa awali umewekwa bega kwa bega na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, yaani mzazi kumwitikia mtoto wake, na ulinzi wa mtoto. Barua ilikwenda kwa mganga mkuu wa halmashauri, nakala kwa afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii. Kisha nikaenda kwa miguu yangu kuonana na mganga mfawidhi wa kituo. Nikamwambia, "Daktari, afya na lishe ni zenu. Hiki kipande cha ujifunzaji wa awali tuachieni sisi wa maktaba." Akamwita muuguzi wa zamu anitafutie pa kukaa.

Yule muuguzi ndiye aliyelijua eneo. Alinipeleka kwenye kibaraza kilichopo kati ya mizani na chumba cha sindano. "Hapa dada. Wakishapima uzito wanakaa hapa mpaka waitwe. Hapa ndipo wanapochoka." Nikatandika mkeka hapo hapo.

Tangu mwanzo niliweka masharti mawili ambayo sijayabadilisha mpaka leo. La kwanza, kitabu ni zawadi, si cha kuazima. Mtoto wa miezi tisa kitabu anakitia mdomoni, anakipigapiga, anakichana, na hivyo ndivyo anavyokijua. Mama akijua atadaiwa ukurasa uliochanika, atakificha juu ya kabati na mtoto hatakigusa kamwe. La pili, hakuna anayeulizwa umri, wala baba wa mtoto yuko wapi, wala shule aliacha lini. Maswali hayo ameshaulizwa mno na kila mtu. Mimi namuuliza jina lake yeye, kisha jina la mtoto, basi.

Vitabu vyenyewe tulivitengeneza. Kwa watoto wa wiki sita tulichora kadi za rangi nyeusi na nyeupe: duara, mistari, uso wa mtu, samaki. Mtoto wa umri huo huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, ambao ndio umbali wa uso wa mama anaponyonyesha, na michoro yenye weusi na weupe uliokolea ndiyo inayomvuta zaidi. Kwa watoto wakubwa zaidi tulichapa hadithi za African Storybook, mkusanyo wa hadithi za watoto ulioko mtandaoni, ambazo zipo kwa Kiswahili na leseni yake inaruhusu kuzichapa bure. Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kijitabu cha kurasa nane. Kwa bei ya shilingi 100 kila upande pale steshenari, kijitabu kinatoka kwa shilingi 400. Fundi cherehani wa jirani alitushonea mgongo kwa uzi, kwa sababu pini za stepla ni hatari mdomoni mwa mtoto. Alitupa pia vipande vya vitambaa alivyobakiza, tukashona vitabu vya nguo visivyo na neno hata moja: jogoo, kikombe, ngalawa, mpira.

Nataka nieleze kwa kirefu kidogo kilichotokea na kadi zile nyeusi na nyeupe, kwa sababu ndicho kilichonipa moyo wa kuendelea. Alikuwepo binti mmoja, mdogo wa umbo, amekuja na mama yake. Mtoto ana wiki sita. Bibi ndiye aliyeshika kadi ya kliniki, bibi ndiye aliyejibu maswali ya muuguzi, bibi ndiye aliyembeba mtoto. Binti amekaa pembeni kama msindikizaji. Nikamsalimia bibi, "Shikamoo mama," akaitikia, nikamwomba ruhusa nimwonyeshe binti yake kitu. Bibi akasema, "Kichanga hiki kinasomeshwa nini, mwanangu?" Sikubishana naye. Nikamwambia binti ampokee mtoto, amlaze mapajani, uso kwa uso, aishike kadi ya duara karibu na uso wake mwenyewe, kisha aisogeze taratibu kuelekea kulia. Macho ya mtoto yakaganda kwenye duara. Kadi ikasogea, macho yakafuata. Ikarudi kushoto, yakarudi nayo. Binti akasema kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia, "Mama, anaona! Ananifuata!" Akarudia tena na tena, na safari hii anazungumza na mtoto, anamwambia hii nini, hii nini. Alipoitwa chumba cha sindano, aliinuka yeye na mtoto wake. Bibi akabaki na mkoba.

Hicho ndicho ninachokitafuta kila wiki. Binti aliyezaa mapema hunyang'anywa umama wake kwa nia njema kabisa. Kila mtu anajua kuliko yeye namna ya kumwogesha, kumlisha, kumlaza. Hadithi na mazungumzo ni kitu anachoweza kumpa mtoto wake mwenyewe leo, bila fedha na bila kibali cha mtu, na mtoto akamjibu pale pale.

Kisha kuna wale wasiojua kusoma vizuri. Ni wengi kuliko tunavyopenda kukubali, na wamejifunza kuficha. Anakichukua kitabu, anashukuru, anakiweka kwenye mkoba haraka haraka. Kwa hawa nilitumia kanga. Karibu kila mtoto pale amebebwa kwenye kanga, na kanga ina jina. Naketi pembeni ya mama, namwambia, "Hebu tumsomee mtoto kanga yake." Kidole kinapita chini ya herufi. Mmoja aliyeacha shule darasa la sita alisoma polepole, "Na-ni… ka-ma… ma-ma," kisha akasoma yote kwa pamoja, akacheka, akambusu mtoto. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anajifunza kusoma, maana kwa macho ya wote alikuwa anacheza na mwanawe. Vitabu vya nguo visivyo na maneno viliwafaa vilevile: hakuna wa kukosolewa, unasema unachokiona.

Nyumba nyingi za mkoa wetu zina Kisambaa, Kizigua, Kibondei au Kidigo. Mabinti waliniuliza kama ni lazima wazungumze na mtoto kwa Kiswahili ili asichelewe shuleni. Niliwajibu wazi kwamba lugha nzuri kwa mtoto ni ile ambayo mama anaisema bila kutafuta maneno. Asimulie kwa Kisambaa akitaka, picha hazina lugha. Na hapo ndipo bibi wale waliokuwa wakiguna walipoingia kwa nguvu zote. Bibi mmoja akasema, "Kama ni hadithi tu, mbona ninazo?" Akaketi, akaita, "Paukwa!" Benchi zima, pamoja na muuguzi aliyekuwa anapita na trei ya chanjo, likaitikia, "Pakawa!" Tangu siku hiyo sikuwa peke yangu kwenye mkeka.

Akina baba vijana walinichukua muda. Wengi hawaingii ndani ya geti. Wanaleta mama na mtoto kwa bodaboda, wanabaki kijiweni ng'ambo ya barabara. Nilikuwa napita pale nikirudi kazini, nikawa nabeba vijitabu mkononi nionekane navyo. Kijana mmoja, kwa kumtazama hana hata miaka 20, akanisimamisha. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." "Yule mtoto uliyempa kitabu cha jogoo ni wangu. Usiku anakinyoosha kwangu, mimi ndio nawika." Akawika pale pale mbele ya wenzake, na wenzake wakaomba vitabu. Nilikuwa navyo vitatu tu, nikavigawa vyote. Kumfikia baba kunahitaji njia yake na sidai kwamba nimeipata yote. Ila nimejua ni pale kijiweni, si kwenye benchi.

Maktabani kwenyewe kazi ilikuwa ya kuomba na kusubiri. Tulikubaliana kadi ya kliniki itoshe kama kitambulisho na maktaba yenyewe isimame kama mdhamini. Ada ya mwaka ikafadhiliwa na mfanyabiashara mmoja wa sokoni ambaye hakutaka kutajwa. Jumamosi asubuhi tukatenga muda wa watoto. Wasomaji wetu wa kawaida, wanaokuja na daftari zao kujisomea, walilalamika kuhusu kelele, na walikuwa na haki. Tukahamia baraza la nyuma, mkeka, maji ya kunywa, uji kwenye chupa ya chai.

Jumamosi hizo zimezaa jambo ambalo sikulipanga. Mabinti walianza kuuliza vitabu vyao wenyewe. Mmoja aliomba Baiolojia ya kidato cha tatu kwa sauti ya chini sana. Alikuwa hajui kwamba Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatizwa masomo kwa ujauzito warudi katika mfumo rasmi. Mama yake naye hakujua. Hapo nilisikia uchungu kweli, kwa sababu habari ilikuwa imetangazwa nchi nzima na haikufika mtaa wa pili kutoka ofisini kwangu. Nikauchapa waraka wa elimu, nikaubandika kwenye baraza, na mwingine nikampa muuguzi aubandike juu ya mizani. Wasiotaka kuvaa sare tena tunawaelekeza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Aliyeacha kabla ya mtihani wa kidato cha pili anaanza na Mtihani wa Maarifa, QT, ndipo afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fomu na tarehe tunazo, na vitabu tunavyo. Wanasoma kwa zamu: wawili wanashika watoto wote na kuwasimulia, waliobaki wanapiga hesabu, kisha wanabadilishana. Mmoja wao ambaye ameshavuka QT ndiye sasa anayekaa na wageni mkekani kliniki. Anafanya vizuri kuliko mimi, maana wakimwona wanajua hawatahukumiwa.

Kwa mkutubi mwenzangu anayetaka kuanza: usisubiri bajeti ya vitabu. Zungumza na muuguzi wa chanjo kwanza, mganga mfawidhi baadaye, kwa sababu muuguzi ndiye atakayekulinda siku foleni ikiwa ndefu na mtu akisema unaziba njia. Usiende siku ya kwanza ya wiki, watu wanakuwa wengi mno. Panga zawadi kwa kufuata chanjo: kadi nyeusi na nyeupe wiki ya sita, kitabu cha nguo wiki ya kumi na nne, kijitabu cha picha kwenye surua ya miezi tisa, hadithi fupi ya maneno machache mwaka na nusu. Mama akijua kuna kitabu kinachomngoja, ana sababu nyingine ya kutoikosa tarehe, na hili muuguzi atalipenda kuliko hoja yoyote utakayompa. Kadi zikate kwenye karatasi ngumu, robo ya A4, pembe zote zikiwa mviringo zisimchome mtoto, na wino uwe umekauka kabisa kabla hujazifunga.