Siku moja na vichupa vyangu: kutoka Pugu hadi Kigogo

Saa 10:40 alfajiri

Simu inalia kabla ya jogoo wa jirani. Kwetu ni Gongo la Mboto, na faida pekee ya kukaa mbali na chuo ni kwamba niko karibu na chanzo cha mto ninaousoma. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unakatiza Dar es Salaam kwa kilomita kama 35, kisha unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Niko mwaka wa tatu, kemia, na utafiti wangu wa kumalizia shahada ni oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya mto huu.

Kwa nini alfajiri? Usiku mwani na majani ya majini hayana jua, kwa hiyo yanapumua tu kama sisi na kuipunguza oksijeni. Kunapokucha ndipo maji yanakuwa na njaa kuliko saa nyingine yoyote.

Na kwa nini Jumatano? Kipimo kimoja, BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kula uchafu uliomo majini, kinataka chupa zikae gizani siku tano kamili. Ukianza Jumatatu, siku ya tano ni Jumamosi na maabara imefungwa. Hilo sikuambiwa darasani. Nilifundishwa na kufuli la mlango.

Nahesabu vifaa sakafuni kwa mwanga wa simu: chupa sita za kioo za mililita 300, chupa nne za plastiki zilizooshwa kwa asidi ya nitriki, kipimajoto, pipeti, vichupa viwili vya dawa, glavu, mabuti ya mvua, kindoo chenye kamba. Vyote vinaingia kwenye boksi la barafu.

"Dada wa lambalamba, sogea nyuma na boksi lako!" ananiita konda. Abiria wanacheka. Sijamsahihisha. Nikisema nabeba maji ya Msimbazi, nani atakaa karibu nami wakati wa kurudi?

Saa 12:15 asubuhi, Pugu

Huku juu mto ni kijito. Ungekuja mgeni usingeamini kuwa ndio ule ule wa Jangwani kule mjini. Maji yana udongo kidogo, yanapita kwenye mawe, hayana harufu.

Nazamisha chupa polepole mpaka ijae bila kapovu hata kamoja. Kapovu kamoja ka hewa kana oksijeni ya kutosha kuharibu kazi yote. Kisha nashusha pipeti chini ya uso wa maji: mililita moja ya manganisi salfeti, mililita moja ya mchanganyiko wa alkali na ayodaidi. Naziba, napindua chupa mara kadhaa, nasubiri.

Ndani ya chupa kunazuka wingu la kahawia, linashuka taratibu.

Hii ndiyo njia ya Winkler. Lajos Winkler, mkemia wa Hungaria, aliitoa mwaka 1888 huko Budapest, akiwa kijana wa miaka kama 25. Manganisi ikikuta oksijeni inaungana nayo na kuwa kahawia. Oksijeni ikishanaswa hivyo haitoroki tena, unaweza kupanda nayo daladala mbili ukafika nayo maabara. Wazo lenyewe ni rahisi hadi linakera: usimbebe mgeni, mfunge kwanza.

Kidato cha nne nilipata alama nzuri za kemia na sikuwahi kushika bureti, ule mrija wa kioo wa kudondoshea dawa. Vitendo tulivisoma ubaoni. Mwalimu alichora bureti kwa chaki, akachora tone, akaandika "rangi inabadilika", nasi tukaandika "rangi inabadilika". Nilijua kusawazisha mlinganyo wowote uliotupwa mbele yangu. Ila vitu vyote katika milinganyo ile vilikuwa vimeshaoshwa na kutengwa: asidi peke yake, chumvi peke yake, maji yasiyo na kitu. Mto haukuletei kitu kikiwa peke yake.

Saa 2:20, Tabata

Foleni ya Tazara imekula dakika arobaini. Nachukua sampuli chini ya Barabara ya Mandela. Maji yamekuwa ya kijivu, povu limeganda kwenye kona. Wingu chupani ni la kahawia hafifu, kama chai iliyotiwa majani ya kuazima. Naandika joto, saa na harufu, naondoka. Vijana wanaochimba mchanga wananiuliza kama ninatafuta dhahabu.

Saa 3:30, Kigogo

Hapa ndipo ninapokaa sana, na si kwa sababu ya maji peke yake.

Kando ya mto kuna matuta ya mchicha, matembele na chainizi, ya kijani inayong'aa. Mama mwenye matuta haya ananijua sasa. Mara ya kwanza alidhani nimetumwa na serikali kuja kupima mipaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tena na vichupa vyako?"

"Ndiyo, mama. Za tangu juzi?"

"Nzuri tu. Joto linatuua."

Nafanya yale yale: nazamisha, natia dawa, napindua. Yeye anaweka keni chini anakuja kuangalia. Safari hii wingu halikuwa kahawia hata kidogo. Likazuka jeupe, likashuka jeupe, likabaki jeupe.

Ikabidi nimwonyeshe na chupa ya Pugu. Akazishika zote mbili akazinyanyua juani.

"Ya Pugu imekuwa chai ya maziwa. Ya kwangu tui." Akatabasamu. "Kumbe ya kwangu ndiyo safi!"

Nikacheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka, maana alichosema kina mantiki kamili. Nani katufundisha kwamba cheupe ni kichafu? Nikamweleza kwamba weupe ule ni manganisi iliyokaa bure, haikukuta oksijeni ya kuungana nayo. Maji haya hayana pumzi. Samaki akitiwa humu hatamaliza muda wa kuchemsha chai.

"Nani kaimaliza?"

Hapo ndipo nilipofurahia kuwa mwanafunzi wa kemia. Wadudu, nikamwambia, bakteria wasioonekana. Huku juu watu wanamwaga damu, makombo na sabuni, na mvua ikinyesha wanatapisha vyoo. Bakteria wanakula vyote hivyo, na wanapokula wanavuta oksijeni. Chakula kikizidi, wanaimaliza. Ikishaisha hawafi wote. Ni kama nyumba yenye njaa, wali ukiisha mnageukia ugali, ugali ukiisha mnageukia viporo. Wao wanageukia nitrati, kisha chuma chenye kutu, kisha salfeti. Wakifika kwenye salfeti wanatoa hewa ya kunuka.

"Mayai viza," akasema.

"Hiyohiyo."

"Mimi maji yakinuka mayai viza simwagilii. Nasubiri mpaka jioni au kesho yake."

Nikaishiwa maneno kidogo. Mama huyu hajawahi kuona chupa ya Winkler kabla yangu, lakini pua yake inapima kile kile. Harufu ya hidrojeni salfaidi ni tangazo kwamba oksijeni imekwisha kitambo. Mimi nimetumia dawa, glavu na nauli mbili kufika alipo.

Ndipo akaniuliza swali ambalo nimelikwepa wiki tatu.

"Sasa niambie ukweli. Mchicha wangu una sumu au hauna?"

Sijui. Nimepima maji, sijapima jani. Kibaya zaidi, vitu vinavyotisha kwenye mboga si hivi vinavyonuka. Metali kama risasi na kromiamu hazina harufu, na kwa kiasi kile kidogo hazibadilishi rangi ya maji wala ladha ya mchicha. Pua yake inayoshindana na chupa zangu kwa oksijeni, kwa metali hizi haimsaidii. Na vijidudu vya kuhara navyo ni hesabu nyingine. Vijidudu moto wa jikoni unaviua, lakini risasi hata uichemshe mpaka Idi haiondoki.

Nikamwambia, "Mama, nilichopima leo hakijibu hilo."

"Basi kapime kinachojibu." Akakata fungu kubwa, akalifunga kwa jani la mgomba, akaniwekea juu ya boksi. "Hili la kwako, kala na mama yako."

Tukaongea kidogo kuhusu nyumba za jirani zilizovunjwa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi, na kuhusu mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe kutoka ukingoni. Akauliza mita 60 kuanzia wapi, maana kila masika ukingo unahama. Swali zuri hilo nalo. Wanasheria wamjibu.

Saa 6 mchana, maabara

Fundi sanifu wetu ni mtu wa maneno machache. Kaliangalia fungu la mchicha juu ya meza, kaniangalia mimi. "Hiyo ni mboga au sampuli?"

"Bado sijajua."

"Ukijua, iandikie lebo. Isiyo na lebo nitaila."

Sasa titresheni. Natia asidi ya salfuriki, wingu la kahawia linayeyuka na maji yanakuwa ya manjano: oksijeni imebadilishana nafasi na ayodini, na ayodini ndiyo nitakayoihesabu. Nachukua mililita 200, nafungulia bureti ya thiosalfeti, dawa inayoila ayodini, tone kwa tone. Manjano ikififia kama maji ya mpunga natia wanga, yote yanageuka buluu. Tone, tone, tone. Kisha tone moja linaifuta buluu yote.

Nikiri kwamba tone lile huwa linanisimamisha moyo kila mara.

Ukitumia thiosalfeti ya moli 0.025 kwa lita na sampuli ya mililita 200, kila mililita inayotoka kwenye bureti ni sawa na miligramu moja ya oksijeni kwa lita. Hakuna kikokotoo. Aliyepanga vipimo hivi alikuwa na huruma na wanafunzi. Pugu leo ni 5.6. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba yangekuwa na kama 8.3. Tabata ni moja na ushee. Kigogo hakuna cha kuhesabu: nilipotia asidi, tui likayeyuka likawa maji matupu.

Nimeandika sifuri kwenye daftari. Zamani nilidhani sifuri ni kipimo kilichoharibika.

Saa 8:30 mchana

Dokta anayenisimamia kapitia daftari kwa dakika mbili, kalamu ikasimama kwenye safu ya saa.

"Pugu umechukua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo, Dokta."

"Tabata?"

"Saa mbili na dakika ishirini."

"Jua limetoka lini?"

Nikajua nimekwisha. Mimi mwenyewe ndiye niliyeamka saa kumi kwa sababu ya jua, halafu nikaenda kupima Tabata jua likiwa juu, mwani umeshaanza kazi ya kutengeneza oksijeni.

"Umelinganisha mto," akauliza, "au umelinganisha saa?"

Hakupandisha sauti. Sifuri ya Kigogo inasimama, kasema, sifuri haibembelezwi na jua. Ila ile ya Tabata huenda alfajiri ni ndogo zaidi. Wiki ijayo nianzie chini kabla hakujakucha, nipande juu. Wiki inayofuata nigeuze tena. Wiki tatu za data, na zote nilizianzia Pugu kwa sababu Pugu ni karibu na kwetu.

Nikamwuliza kuhusu mchicha. Kasema fungu moja la bustani moja halisemi kitu. Nitahitaji mafungu kadhaa, udongo wa chini yake, maji ya keni yenyewe, na mchicha wa mahali pengine wa kulinganisha. Na mashine ya kupima metali ina foleni, na taa yake ya kupimia risasi imeungua tangu mwezi uliopita. Kisha akaongeza, kama vile si muhimu: "Lakini likaushe. Kikavu kinasubiri."

Saa 10 jioni

BOD za Kigogo: mililita 3 tu za mto katika chupa ya mililita 300, zinazobaki ni maji safi yaliyopigwa hewa. Bila kuzimua hivyo oksijeni ingekwisha siku ya kwanza. Kiwango cha taifa cha BOD kwa majitaka yanayoruhusiwa kumwagwa ni miligramu 30 kwa lita. Jumatatu tutaona mto wenyewe, ambao haukutakiwa kuwa majitaka, unasimama wapi. Nafunga kabati la nyuzi 20 na kuomba umeme usikatike.

Kuhusu siku tano, inasemekana Waingereza walizichagua zaidi ya miaka mia iliyopita kwa kufikiria mito yao inavyochukua muda kufika baharini. Msimbazi una joto la nyuzi 28 na hauhitaji siku tano kufika Salenda. Namba ya Uingereza inapima mto wa Kigogo, nasi tumeizoea.

Nikauosha mchicha kwa maji ya bomba, kisha kwa maji yaliyotoneshwa, nikatenga majani na mashina, nikaupanga kwenye trei ya oveni. Nikaandika lebo: M1, Kigogo, tarehe, saa 3:50 asubuhi. Fundi sanifu kapita, kasoma, kaendelea na safari yake.

Saa 2 usiku, nyumbani

Mama kapika dona na mchicha wa nazi.

"Mama, mchicha huu umetoka wapi?"

"Kwa yule dada wa beseni. Kwani umechacha?"

"Haujachacha. Yeye anautoa wapi?"

"Sasa hayo si umuulize mwenyewe akipita kesho." Akanisogezea bakuli.

Nikanawa, nikala. Nilikuwa na njaa tangu Tabata. Kisha nikaiweka simu iamshe saa tisa na nusu Jumatano ijayo, maana kutoka huku hadi Kigogo usiku ule daladala ni za kubahatisha, na nikamtumia ujumbe binamu yangu wa bodaboda kumuuliza atanichaji kiasi gani mimi na boksi.