Jina Tremond limeninyima usingizi

Jana usiku nimemaliza tamthilia ya televisheni ya Twin Peaks kwa mara ya tatu na bado moyo unanidunda. Ule ukelele wa mwisho, taa za nyumba zinazimika, basi! Nilikaa gizani muda mrefu. (Kama hujaitazama, usiendelee kusoma, nakuomba.)

Safari hii nimenasa kitu kilichonipita mara zote mbili za mwanzo. Mwishoni kabisa, Cooper, mpelelezi wa FBI anayejaribu kumwokoa Laura Palmer, msichana aliyeuawa, anapobisha naye hodi kwenye nyumba ya akina Palmer, mwanamke anayefungua anasema anaitwa Tremond, na aliyemuuzia nyumba ni Chalfont. Jamani, Tremond! Msimu wa pili, Donna, rafiki yake Laura, anampelekea chakula bibi kizee wa jina hilohilo. Anaporudi pale na Cooper, mlango unafunguliwa na mwanamke mwingine kabisa, naye pia ni Tremond, anasema mama yake alishafariki.

Kwa hiyo mimi naamini ile si nyumba tena. Ni mlango wa wale viumbe wa ajabu wa ulimwengu mwingine, wa chumba chenye mapazia mekundu. Cooper alidhani anamrudisha Laura kwao, kumbe amempeleka mikononi mwao. Ndiyo maana anauliza huu ni mwaka gani.

David Lynch na Mark Frost, waundaji wa tamthilia hii, walipanda jina hilo 1990, wakaja kulivuna 2017! Ufundi huo sijauona kwingine.

Leo naanza upya kutoka kipindi cha kwanza, daftari mkononi. Naandika kila mlango unaofunguliwa, na nani aliyeufungua. Mwenye nadharia nyingine kuhusu Chalfont anipe, nina usiku mzima.