Nimebadilisha feni ya kompyuta, nikaweka yenye taa

Kwa wiki kama tatu hivi kompyuta yangu ya mezani kila nikiiwasha asubuhi inakoroma. Sio kelele kubwa, ni ule mkwaruzo mkavu, grrr grrr grrr, afu ikishapata moto dakika kumi hivi inatulia mpaka kesho yake. Nikiligonga kasha ubavuni inanyamaza kidogo halafu inaanza upya. Mwanzoni nikajua ni hard disk, ile inayohifadhi mafaili, na hapo presha ilinipanda kweli maana humo ndani kuna picha za miaka mingi, ila nilipofungua ubavu na kusogeza sikio kumbe ni feni ya nyuma, ile inayotoa hewa ya moto nje. Nikazima, nikachomoa waya wa hiyo feni peke yake, nikawasha kwa dakika mbili tu: kimya. Nikazima, nikachomeka, nikawasha: grrr. Basi, mgonjwa kapatikana.

Hii feni ni ya bushi, yaani mhimili wake unazunguka ndani ya kijipete chenye mafuta, haina gololi kama za beringi. Mafuta yakikauka mhimili unaanza kula kijipete, nafasi inaongezeka, mapanga yanayumba. Ndo maana asubuhi ikiwa baridi inapiga kelele zaidi, mafuta kidogo yaliyobaki yameganda mpaka yapate joto. Nilijaribu kuiokoa kwanza, nikabandua kile kistika cha katikati, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani, nikarudisha kistika. Ilinyamaza siku tano. Ya sita ikarudi vilevile, na nilipoishika nikatikisa mapanga kwa vidole nikasikia kabisa yanacheza juu chini, tik tik. Hapo mafuta hayasaidii tena.

Sasa kwa kuwa kubadilisha ni lazima, nikasema naweka yenye taa. Kasha langu lina ubavu wa kioo na miaka yote kile kioo kilikuwa kinaonyesha giza tu, na mi napenda sana mwanga wa bluu usiku chumba kikiwa kimezimwa taa, nilikuwa natamani muda mrefu. Najua taa haipoozi kitu, kinachopooza ni mapanga na hewa, ila kitu ninachokaa nacho masaa nane kwa siku nataka kinipendeze na sioni ubaya wowote hapo.

Kabla ya kununua pima. Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu wanapima duara la mapanga wakati saizi ya feni ni ubavu hadi ubavu wa fremu. Yangu ni milimita 120, ndo iliyozoeleka sana, ila kuna makasha yanachukua 80, 92 au 140. Kama huna uhakika pima tundu la skrubu mpaka tundu la skrubu: feni ya 120 ni milimita 105, ya 140 ni 124.5, ya 80 ni 71.5. Unene nyingi ni milimita 25.

Halafu plagi, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo sehemu pekee unayoweza kuunguza kitu. Waya wa feni yenyewe unakuja na pini 3 au pini 4. Ya pini 3 ina hasi, volti 12, na waya wa tatu unaoripoti mizunguko, ya pini 4 imeongezewa waya wa PWM wa kuamuru kasi. Hizi mbili zinaingiliana, feni ya pini 3 inakaa kwenye soketi ya pini 4 na pini moja inabaki nje, hakuna madhara. Balaa liko kwenye nyaya za taa. Kuna feni za taa ya rangi moja ambayo taa inakula umeme wa feni humohumo, hizi hazina waya wa ziada. Kuna za RGB, yaani za kubadilisha rangi zote kwa pamoja, ambazo taa zake ni volti 12 na plagi ya pini 4, na kuna za ARGB ambazo ni volti 5, pini 3, na kila taa inawaka rangi yake. Ukichomeka taa za volti 5 kwenye soketi ya volti 12 zinaungua hapohapo, hazirudi. Kuna rafiki yangu kafanya hivyo, plagi haikutaka kuingia akailazimisha ikaingia nusu, mwanga mweupe sekunde moja na ndo ikawa mwisho wa habari. Kwa hiyo soma maandishi madogo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, pembeni ya soketi, yameandikwa volti ngapi. Mazabodi yangu ni ya zamani haina soketi za taa kabisa, nikachukua ya bluu tupu, pini 3, umeme mmoja wa feni na taa.

Kufunga ni kazi ya dakika ishirini. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine. Skrubu nne za nyuma zinatoka kwa bisibisi ya nyota. Skrubu za kufungia feni ni zile nene fupi zinazochonga njia zenyewe kwenye plastiki, kwenye feni mpya matundu hayana njia bado kwa hiyo ya kwanza inagoma, usiikaze mpaka mwisho, ingiza zote nne nusu nusu kwanza ndo ukaze. Na kabla sijafunga nikapuliza vumbi lote la humo ndani, nikiwa nimeshika mapanga ya feni zilizobaki kwa kidole yasizunguke, maana yakipulizwa yakazunguka kwa kasi kubwa yanaumiza beringi.

Kosa langu lilikuwa hili: nilitoa feni ya zamani bila kuangalia ilikuwa inatazama wapi. Nikafunga mpya, nikawasha, mwanga wa bluu ukajaa kasha zima, nikafurahi nikarudisha kioo nikaanza kazi. Baada ya saa moja naangalia joto la prosesa, nyuzi 52 na sifanyi kitu chochote kizito, wakati hata na ile mbovu ilikuwa inakaa 45. Nikakata kipande cha karatasi ya tishu chembamba kama utepe, nikakishika nyuma ya kasha karibu na feni. Badala ya kupepea kuja kwangu kikavutwa kikanata kwenye matundu. Ilikuwa inavuta hewa ndani! Feni ya mbele inaingiza, ya nyuma inaingiza, na joto halina pa kutokea.

Feni ina pande mbili: upande mmoja mapanga yako wazi, upande wa pili kuna vile vijiti vinavyoshika mota katikati. Hewa inaingia upande wa wazi inatokea upande wa vijiti. Nyingine zimechorwa vishale kwenye fremu, kimoja mzunguko kimoja hewa. Feni ya nyuma vijiti vitazame nje. Nikageuza, kipande cha tishu kikapepea kuja usoni kwangu, na joto likashuka mpaka 41. Na uzuri ni kwamba ukiifunga hivyo upande mzuri wa mapanga ndo unatazama ndani, ndo unaouona kwenye kioo.

Sasa likabaki suala la kelele. Ilikuwa inazunguka kasi yote, mizunguko 1200 kwa dakika, inavuma kama upepo mlangoni. Sababu ni kwamba soketi ilikuwa imewekwa kwenye PWM, na feni ya pini 3 haina waya wa kupokea hiyo amri kwa hiyo inakula volti 12 zote muda wote. Nikaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mazabodi unayoifungua kompyuta ikianza kuwaka, sehemu ya feni, nikabadilisha kutoka PWM kwenda DC, hapo mazabodi inadhibiti kasi kwa kupunguza volti yenyewe. Nikaweka asilimia 40 nione. Kimya kabisa, na taa zinawaka kwa mbali, nikasema safi. Nikainama kuangalia: mapanga hayazunguki. Volti chini ya 5 zilitosha kuwasha taa kidogo ila hazikutosha kuisukuma mota ianze. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: TAA KUWAKA SIO FENI KUZUNGUKA. Angalia mapanga, au soma namba ya mizunguko kwenye BIOS, usiridhike na mwanga.

Nikapandisha asilimia 60 iwe ndo ya chini kabisa, inaanza bila shida kila nikiwasha, na nikaiambia ifuate joto la prosesa. Na hapo ndo nikapata kitu ambacho sikukitegemea na ndo kimenifanya niandike yote haya. Kwa kuwa taa na mota zinakula umeme mmoja, volti zikipanda mwanga nao unapanda. Nikiwa naandika tu, bluu imetulia, hafifu, kama taa ya usiku. Nikianza kubana video, dakika mbili tatu baadaye naona ukuta wa nyuma ya meza unazidi kuwa wa bluu, sijafungua programu yoyote ya joto lakini najua mashine imeanza kuhema. Kazi ikiisha mwanga unarudi chini taratibu. Juzi uliwaka sana wakati sifanyi lolote, nikafungua orodha ya programu nikakuta kivinjari kina ukurasa mmoja unatafuna prosesa nyuma kimyakimya, nikaufunga, mwanga ukashuka. Hizi za ARGB zina rangi zote za upinde wa mvua ila taa zake zina umeme wake wa volti 5 usiobadilika, mpaka uzipangie kwa programu ndo zifuate joto. Yangu inafanya yenyewe.

Kwenye kazi nzito sasa inafika nyuzi 68, na ile ya zamani ilikuwa inafika 78, japo sehemu ya hiyo tofauti ni vumbi nililotoa.

Feni ya mbele bado ni ileile nyeusi, nayo ni ya bushi. Nimeishika nikatikisa mapanga, hayachezi bado. Itakaa hapo mpaka ianze kukoroma.