Chupa ya maji, kiti na zamu ya usiku: barua niliyomwandikia mwajiri

Nina siko seli, na kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Ukumbi wetu uko ghorofani hapa Dar es Salaam, na kwa sababu ya mashine viyoyozi vinanguruma usiku na mchana, hata msimu ule ambao walioko barabarani wanajifuta jasho. Anayepangiwa kiti chini ya kiyoyozi anakuja na sweta mwezi wa kwanza. Naandika haya kwa sababu kila nikisema kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye siko seli kwamba nilimwandikia mwajiri barua, na mengi niliyoomba nikapewa, wenzangu wananifuata pembeni: uliandikaje? Ulimpa nani? Hawakukufukuza?

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: chembe nyekundu za damu, ambazo kwa watu wengine ni laini na za mviringo, kwetu zinageuka umbo la mundu, zinakuwa ngumu na kunasa kwenye mishipa midogo. Sehemu ambayo damu haifiki inakosa oksijeni, na hapo maumivu yanaanza: mgongo, miguu, kifua, mikono. Baridi inaibana mishipa. Mwili ukipungukiwa maji, chembe zinazidi kujikunja. Uchovu na kukosa usingizi navyo vinachochea. Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana: figo za mwenye siko seli hupoteza mapema uwezo wa kurudisha maji mwilini, kwa hiyo mkojo wetu ni mwingi hata tukinywa kidogo. Tunatakiwa kunywa maji mengi, na msalani hatukauki.

Sasa uchukue mwili huo, uuweke kwenye kazi ambayo chupa ya maji hairuhusiwi mezani kwa sababu ya kompyuta, ukitaka kwenda msalani unabonyeza kitufe na mfumo unaanza kukuhesabia dakika, na zamu ya usiku inakwisha alfajiri. Najua wenye siko seli wanaofanya kazi za namna hii na wameamua kutokunywa maji wakiwa zamu ili wasionekane wanazurura. Linaniumiza sana hilo. Mtu anajikausha mwili ili dakika zake zionekane nzuri kwenye ripoti, kisha wiki inayofuata yuko wodini na dripu mkononi.

Mimi nina tatizo la nyonga pia. Kichwa cha mfupa wa paja la kushoto kimeanza kuharibika kwa kukosa damu, jambo linalowapata wengi wetu, na nikikaa muda mrefu bila kusimama, kuinuka ni kazi.

Kwanza nilizungumza kwa mdomo. Msimamizi wa zamu, kaka mmoja muungwana, alinisikiliza akasema, “Pole dada, jikaze, nitakukumbuka kwenye ratiba.” Na kweli alinikumbuka, mpaka alipohamishiwa kitengo kingine. Aliyekuja baada yake hakuwa na habari yoyote juu yangu, na hakuna karatasi iliyomwambia. Nikapangiwa usiku mfululizo. Nilipomfuata alisema kila mtu ana chake kinachomuuma, tena mbona jana nilikuwa nacheka kantini? Nilikuwa nacheka, ni kweli. Maumivu haya hayana bandeji ya kumwonyesha mtu.

Hapo nikaenda kliniki kutafuta barua, na si ED, ile karatasi ya daktari ya kukuruhusu upumzike kazini. ED tunazo nyingi: apumzike siku tatu, basi. Inamweleza mwajiri kwamba umeanguka, haimwelezi nini kinakuangusha. Daktari wa kliniki ana foleni isiyokwisha na hajawahi kuingia ofisini kwenu, kwa hiyo nilikwenda na ukurasa niliouandika mwenyewe: nakaa saa ngapi, ubaridi unatoka wapi, maji yanakatazwaje, zamu zinapangwaje. Alisoma, akauliza maswali mawili matatu, akaandika: asikae kwenye baridi kali, awe na maji wakati wote, asizuiwe kwenda msalani, asipangiwe zamu za usiku mfululizo, asimame na kunyoosha miguu kila baada ya muda. Saini na muhuri.

Barua yangu mwenyewe niliiandika kwa Kiswahili, *Yah: Ombi la marekebisho ya mazingira ya kazi kwa sababu za kiafya*. Sikuanza na ugonjwa. Nilianza na kazi: nimeajiriwa lini, kitengo gani, tathmini zangu zikoje, na kwamba nataka kuendelea kuifanya. Kisha ombi moja moja, na namna litakavyotekelezeka. La maji, kwa mfano, lilisomeka hivi: “Naomba kuruhusiwa kuwa na chupa yenye kifuniko cha kubana, itakayowekwa sakafuni pembeni ya kiti, mbali na kompyuta, kwa kuwa mwili wangu ukipungukiwa maji hupata maumivu yanayonilazimisha kulazwa.” Bahasha niliandika SIRI. Nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nayo nyumbani. Huo muhuri usiuache hata kama mpokeaji ni rafiki yako.

Sheria niliigusa kidogo tu, kwenye aya ya mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na kati ya sababu inazozitaja umo ulemavu, yamo maambukizi ya VVU. Siko seli haimo kwa jina. Likizo ya ugonjwa ipo: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Lakini hizo ni siku za kulala kitandani, na mimi nilikuwa naomba nisifike huko. Kilichonisaidia zaidi ni Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali, yaani GN, namba 42), zinazomtaka mwajiri, kabla ya kufikia kumwachisha kazi mtu kwa sababu ya afya, aangalie kama kazi yenyewe inaweza kurekebishwa. Nikauliza kwa adabu: kama tutalazimika kuliangalia hilo siku ya mwisho, kwa nini tusiliangalie leo?

Niliitwa na mama wa rasilimali watu. “Mwanangu,” akaniambia, “mimi nilidhani hawa watoto huwa hawafiki ukubwani.” Hakusema kwa ubaya, mtaani kwetu ndivyo tulivyolelewa kuamini. Nikamweleza kwamba Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye siko seli kila mwaka, kwamba kuna dawa kama haidroksiyurea ninayoitumia mimi, na kwamba tunaokua tunamaliza shule na kuja kuomba kazi kwake. Akaandika kwenye daftari lake.

Chupa iliruhusiwa palepale. Kiti nilihamishiwa upande wa nguzo, mbali na kiyoyozi, na naruhusiwa kupokea simu nikiwa nimesimama. Msalani ilichukua muda kwa sababu ya mfumo. Mwishowe waliniwekea namba ya ruhusa ya kiafya, dakika zile zikaacha kuingia kwenye tathmini. Zamu ya usiku ndiyo iliyobishaniwa. Mkuu wa kitengo alisema zamu ni za wote na akiniondoa mimi atamwonea mwingine, na hoja yake nilielewa, kwani wenzangu nao wana watoto na nyumba za mbali. Tukakubaliana nachukua Jumapili na zamu ya jioni inayoishia saa nne, gari la ofisi linanirudisha. Ombi la kufanyia kazi nyumbani siku ninazoanza kubanwa na maumivu lilikataliwa, sababu ikiwa ni usalama wa taarifa za wateja. Hilo sijaridhika nalo.

Makubaliano nayo niliomba yaandikwe yaingie kwenye faili langu, ili msimamizi akibadilika asianze na mimi upya. Nakuomba sana ufanye hivyo na wewe.

Minong'ono haikukosa: dada kapendelewa, dada ana mtu juu. Sikuwa na wajibu wa kumweleza mtu ugonjwa wangu, na ofisi ilinitunzia siri vizuri. Lakini waliokaa safu moja na mimi niliwaambia mwenyewe, wakati wa chakula. Mmoja, aliyeumia mgongo kwenye ajali ya bodaboda, alinifuata baadaye akaniomba nakala ya barua. Nilifuta jina na ugonjwa nikampa.

Mwezi wa saba tunakutana tena kutazama utaratibu unavyokwenda, na ombi la nyumbani nitalirudisha, safari hii nikiomba kazi za kujibu barua pepe zisizohitaji kuona akaunti ya mteja. Kama wewe ulikubaliwa ombi la namna hiyo, naomba uniambie ulilijengaje.